Jibu: Mota ya kubadili flaksi kwa bajaji ya umeme

Ndugu, umeuliza kama mota ya kubadili flaksi (yaani nguvu ya sumaku inayopita ndani ya chuma, ambayo mota hii huigeuza mwelekeo inapozunguka) ingefaa bajaji ya umeme kwa joto la Dar es Salaam. Kwa upande wa joto inafaa, kwa kuwa sumaku na koili (nyaya zilizoviringwa) zote hukaa kwenye stata, sehemu isiyozunguka, ambako ni rahisi kuzipooza, ilhali rota, sehemu inayozunguka, ni chuma kitupu chenye meno. Ugumu uko kwenye chuma cha mota: rota ya meno 10 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, flaksi kwenye koili za stata hugeuka na kurudi mara 500 kila sekunde, na upotevu wa nishati hupanda. Sumaku nazo ni nyingi, tena ghali. Isitoshe, ukizungusha shafti kwa mkono, hata bila umeme, utaihisi ikikwama na kuachia, kwa kuwa sumaku huyavuta meno ya rota. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo litakalokusumbua kwa mwendo wa polepole kwenye foleni ya Ubungo.