Jaan Kross hakukimbilia Sweden
Je, mwandishi wa Estonia Jaan Kross alikuwa mkimbizi aliyechapisha riwaya yake Keisri hull (“Mwendawazimu wa Kaisari”) ughaibuni? Hapana, Kross hakuwa mkimbizi, na riwaya hiyo haikuchapishwa ughaibuni, bali ilitoka Tallinn mwaka 1978, Estonia ikiwa bado chini ya utawala wa Kisovieti. Waandishi wengi wa Estonia walikimbilia Sweden mwaka 1944, lakini yeye, mwanasheria kijana wa Chuo Kikuu cha Tartu, alibaki, akafungwa kwanza na Wajerumani, kisha mwaka 1946 akakamatwa na Wasovieti na kupelekwa katika kambi za kazi ngumu na uhamishoni Siberia hadi 1954. Riwaya yenyewe inamhusu Timotheus von Bock, mtu halisi aliyemwandikia Kaisari Alexander wa Kwanza wa Urusi barua ya kumkosoa waziwazi, akafungwa miaka tisa na kutangazwa mwendawazimu, na kwa maoni yangu umbali huo wa karne ya 19 ndio uliomwezesha Kross, mfungwa wa zamani, kuandika juu ya dola inayowaadhibu wasema kweli. Hata hivyo, kuruhusiwa kuchapisha hakukumaanisha uhuru, kwani kumbukumbu zake za kambini aliweza kuzieleza bila kificho baadaye sana, udhibiti wa vitabu ulipolegea.