Seva zangu hazionani tena: nizime faiwoli?

SWALI: Nina seva 3 zilizokuwa zikigunduana zenyewe kwa mDNS zikiwa kwenye swichi moja. Tulipougawa mtandao kuwa subneti 2, seva moja ikapotea, wenzake hawaioni. Fundi ameniambia nizime faiwoli kwenye zote. Je, ni sawa?

JIBU: Usizime. Kama umeshazima, washa sasa hivi, kisha urudi usome.

Ushauri huu nakutana nao mara kwa mara, na unanikera kwa sababu hauugusi ugonjwa wenyewe. Katika mDNS kila seva hunadi kwenye anwani 224.0.0.251, poti 5353 ya UDP: jina langu hili, huduma yangu hii, nipate kwenye poti hii. Mnada huo hauvuki ruta. Hakuna aliyeuzuia, anwani zote zinazoanza na 224.0.0 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya mtandao mmoja tu, na ruta inayofuata kanuni haizipitishi. Zima faiwoli zote ulizo nazo, seva ya tatu bado haitasikia kitu. Endesha tcpdump, programu inayoonyesha data inayopita mtandaoni, kwenye poti hiyo pande zote 2 ujionee mwenyewe: matangazo ya seva hizo 2 hayatatokea upande wa pili.

Dawa yako ni DNS ya kawaida, yaani seva kuu inayoulizwa jina nayo ikajibu anwani. Iwekee kila huduma rekodi ya SRV, ambayo hubeba jina la seva, poti, kipaumbele na uzito. Anayetafuta huduma anaiuliza seva ya DNS moja kwa moja, na swali la namna hiyo ruta hulipitisha bila shida. Ukihitaji nafuu ya muda, programu ya mDNS iitwayo Avahi kwenye mashine iliyounganishwa na subneti zote 2 inaweza kurudia matangazo ya huku kule. Faili ya hosts, ile orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kila seva, iache. Siku seva moja ikibadili anwani utazunguka zote ukirekebisha kwa mkono, na moja utaisahau.

Kuna kosa jingine kubwa zaidi: watu kuamini kwamba seva iliyojitangaza ni ya kwao. mDNS haithibitishi chochote. Mashine yoyote iliyochomekwa kwenye subneti hiyo inaweza kujiita hifadhidata yako, na programu zako zikaikabidhi nywila. Tangazo linakuonyesha mlango wa kubisha hodi. Aliyemo ndani unamtambua kwa cheti cha TLS, yaani kitambulisho cha kidijitali cha seva, na programu yako lazima ikikague kweli.

Sasa chukua seva yenye anwani ya intaneti, uzime faiwoli kwa ushauri wa fundi huyo. Poti 5353, na 1900 ya SSDP (njia nyingine ya vifaa kugunduana) kama ipo, zinaweza kubaki wazi kwa yeyote. Mshambuliaji hutuma swali dogo akighushi anwani ya mtu mwingine, nayo seva yako inamrundikia mtu huyo majibu makubwa kuliko swali, mfululizo. Wengi hugundua kwamba seva yao imetumika hivyo siku mtoa huduma wa intaneti anapowakatia laini.