Unaenda kutembea milima ya Kirgizistani? Soma hapa kabla hujafunga begi

Naandika hii kwa nyie mnaojiandaa kwenda Kirgizistani kwa mara ya kwanza, hasa mlioshapanda Kilimanjaro mkarudi mkiona mlima mnaujua, maana mi ndivyo nilivyokwenda.

Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji, wapagazi wanakubebea mzigo, ukifika kambini hema limeshasimama na chai ipo. Kule njia nyingi unaingia mwenyewe tu, mzigo uko mgongoni kwako, unapika mwenyewe, na wa kuamua leo tuendelee au turudi ni wewe, hakuna mtu nyuma anakwambia pole pole. Kwahiyo yale yote ambayo mwongozaji alikuwa anakufikiria bila wewe kujua, sasa inabidi uyafikirie wewe.

Tuanze na begi. Langu la kwanza lilikuwa kilo 19, nimejaza suruali za jinzi, viatu vya pili, mchele wa siku sita kwa safari ya siku tatu, na siku ya kwanza tu magoti yakaanza kulia. Safari iliyofuata nikashuka mpaka 12 na chakula ndani na nikawa mtu mwingine kabisa. Nunua mzani ule wa kuning'iniza mizigo, pima kila kitu, ambacho hutakigusa siku mbili mfululizo acha hosteli. Lakini nguo za baridi usipunguze, na slipingi begi liwe la baridi ya kweli, Agosti kule juu barafu inadondoka kama kawaida.

Kwa anayeanza mi namshauri aende Ala-Kul, ziwa la juu milimani. Kutoka Bishkek, mji wao mkuu, mpaka mji wa Karakol ni kama kilomita 400, unapanda marshrutka, yani hiace zao, inajaza kwanza ndo iondoke kama zetu tu. Karakol iko karibu mita 1,700, unalala hapo siku mbili mwili uzoee, halafu unafuata bonde la mto Karakol, unalala njiani msituni, kesho yake unapanda mpaka ziwa lenyewe liko kama mita 3,500 na kitu, unavuka mlima juu yake karibu 3,900, unashukia Altyn-Arashan kwenye chemchemi za maji ya moto. Siku tatu. Watu wanaona 3,900 ni ndogo ukilinganisha na 5,895 ya Uhuru, ila kumbuka Kilimanjaro ulipanda taratibu siku tano sita, hapa unaweza kutoka 2,500 mpaka 3,900 kwa siku moja na begi mgongoni. Kichwa kikianza kuuma na chakula hakipandi, usipande tena, na kikizidi shuka, usingoje asubuhi.

Sasa ninachotaka mkishike kuliko vyote ni SAA. Milima ile ni ya asubuhi. Mi siku ya kuvuka nililala nikatoka saa nne, jua zuri, anga bluu, nikasema nina muda. Nafika ziwani saa nane, wingu limekuja kutoka nyuma ya mlima ambako huoni, dakika kumi mvua ya mawe, radi inapiga juu ya ule ukingo ninaotakiwa kwenda kusimama, na upande wa pili mteremko ni kokoto tupu zinazoteleza. Niligeuza. Nikalala chini ziwani usiku mmoja zaidi nikitetemeka, kesho yake saa kumi na moja alfajiri niko njiani, saa tatu nimeshavuka na hakukuwa hata na upepo.

Mito ndo hivyo hivyo. Maji yanatoka kwenye barafu, jua likiwaka mchana barafu inayeyuka, mto unapanda. Kuna kijito nilikivuka saa moja asubuhi maji yako chini ya goti, safi naona mawe. Jioni nikarudi pale pale, maji yamekuwa ya kijivu kama uji, unasikia mawe yanagongana chini. Usivuke hiyo. Piga hema, lala, utavuka asubuhi, chakula cha siku moja ya ziada kwenye begi ni kwa ajili ya usiku kama huo.

Kuhusu watu, tuliza roho kabisa. Wafugaji wanapandisha kondoo na farasi majira ya joto, wanakaa kwenye yurti, zile nyumba za duara za manyoya ya kondoo. Salimia salaam aleikum, wataitika hapo hapo. Asante ni rahmat. Kitabu wanaita kitep, saa ni saat, dunia ni düynö, utajikuta unacheka peke yako. Watakupa boorsok, maandazi madogo kabisa haya ya kwetu, na kymyz, maziwa ya farasi yaliyochachuka, onja hata kidogo. Mama wa yurti akikumiminia chai nusu kikombe usidhani anakubania, anataka urudishe kikombe akumiminie tena, ndo heshima yenyewe. Mkate usiuweke kifudifudi. Na mbwa wao wa kondoo ni wakali kweli, simama mbali, ita wenyewe, usikimbie.

Vingine haraka haraka: vimtungi vya gesi nunua Bishkek au Karakol, kwenye ndege hawakuruhusu. Beba som, pesa yao, taslimu, milimani kadi haina kazi. Ramani pakua kwenye simu kabla, network inakata mapema. Bima soma mpaka herufi ndogo, nyingine zinaishia mita 3,000 na wewe unaenda karibu 4,000, mguu ukivunjika juu kule unashushwa kwa farasi na ni masaa. Na kama unataka kwenda ziwa Kel-Suu au upande wa mlima Khan Tengri, huko ni karibu na mpaka wa China, kibali cha mpakani omba mapema kabla hujasafiri, askari wa kizuizi cha njiani atakurudisha hata kama umetembea siku nzima.