Usiilaumu Miguu kwa Kosa la Gia: Kuendesha Vilima vya Surrey

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa msomaji anayeishi Reading, Uingereza. Amenunua baiskeli ya kaboni, Jumapili akapanda nayo treni hadi Gomshall, kijiji cha jimbo la Surrey kusini mwa London, akaingia kijia chenye mwinuko mkali kiitwacho White Down Lane, na kilima akakimaliza akiisukuma kwa mkono huku goti likimuuma. Anauliza mambo mawili: afanye mazoezi gani ya miguu, na je, magurudumu mepesi yatamsaidia? Mwishoni kabisa, kama jambo lisilo na uzito, akataja gia zake: mbele meno 52 na 36, nyuma 11 hadi 28.

Jibu liko hapo hapo mwishoni. Tupige hesabu. Tuseme wewe, baiskeli, maji na zana mna kilo 85 kwa jumla. Gia yako nyepesi kuliko zote ni 36 kwa 28, yaani meno 36 mbele na 28 nyuma. Kila mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2.7 hivi, kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.1. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni polepole, unakwenda karibu kilomita 9.7 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 15, mwendo huo unadai kama wati 330, na mwinuko ukifika asilimia 18 unadai karibu 400. Nguvu hiyo huna, wala wengi wetu hatuna, si kwa zaidi ya dakika moja au mbili. Kwa hiyo mwili unafanya kitu pekee kilichobaki: unapunguza mizunguko hadi 40, kila msukumo unakuwa mzito, na mzigo wote unaliangukia goti.

Badilisha gia iwe 34 kwa 34. Mizunguko ileile 60 inakupeleka kilomita 7.6 kwa saa, na mwinuko wa asilimia 15 sasa unadai wati 260 hivi. Tofauti ni wati 70, bila kufanya mazoezi hata siku moja. Magurudumu mepesi? Ukipunguza gramu 400 nzima, kwenye kilima hicho umeokoa chini ya wati mbili. Muuza magurudumu hatakuambia hivyo.

Watu wengi hudharau vilima hivi kwa sababu ya urefu wake. Leith Hill, kilicho kirefu kuliko vyote Surrey, kina mita 294 tu. Mnara uliojengwa juu yake mwaka 1765 ndio unaokivusha futi 1,000, yaani mita 305 hivi. Aliyezoea barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, mpando mmoja mrefu wa zaidi ya kilomita 30, atacheka. Asicheke. Barabara ile ilichongwa ubavuni ili magari yaweze kupanda, lakini vijia vingi vya Surrey vilianza kama njia za wanyama na mikokoteni, vikakata kilima moja kwa moja. Unapanda kilomita moja na nusu, unashuka, unakunja kona, unapanda tena. Hakuna mahali pa kushika mwendo mmoja ukatulia.

Sasa marekebisho yenyewe. Kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, ya meno 11 hadi 34 ndiyo ya kununua. Kabla ya kulipa, angalia kihamisha gia cha nyuma. Chenye mkono mfupi (mkono ni kile kipande kinachoshika vigurudumu vyake viwili) mara nyingi huishia meno 28 au 30, na ukikilazimisha 34, kigurudumu chake cha juu kitasugua meno ya kaseti. Unahitaji chenye mkono mrefu. Kisha mnyororo. Hapa ndipo watu wanapoharibu vitu vya gharama: wanafunga kaseti mpya na kuacha mnyororo wa zamani. Siku ukiteleza kidole ukaweka gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, mnyororo mfupi unakaza hadi unang'oa kihamisha gia pamoja na kishikio chake kwenye fremu. Kipimo ni hiki: zungusha mnyororo kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kihamisha gia, uvute ukutane, halafu ongeza pingili mbili. Kifuniko cha kaseti hukazwa kwa Nm 40, kipimo cha nguvu ya kukaza. Malizia na skrubu ndogo inayosogeza kihamisha gia mbali na kaseti. Ukiwa kwenye meno 34 pawe na nafasi ya milimita 5 au 6, kisiguse.

Kama fedha inaruhusu, badilisha na gia za mbele ziwe 50 na 34. Kama hairuhusu, kaseti peke yake inatosha: 36 kwa 34 inakupandisha. Wapo watakaokucheka kwamba hiyo ni kaseti ya wazee. Hao hao utawakuta White Down wamesimama pembeni wakijifanya wanapiga picha.

Njia ya kuanzia

Duara zuri la kujifunzia linaanzia kituo cha Box Hill & Westhumble, treni ya kama saa moja kutoka katikati ya London, na linaishia Dorking. Ni takribani kilomita 50. Kwa anayetoka Reading, treni za kwenda Redhill hupita Gomshall, Dorking West na Dorking Deepdene, nawe tumia hizo.

Anza na Zig Zag Road ya Box Hill. Ina kilomita 2.5 kwa wastani wa asilimia 5, lami safi, kona mbili kali. Ni ya kupasha mwili moto. Tarehe 28 Julai 2012, kwenye Olimpiki ya London, wanaume waliipanda mara 9, na katika timu ya Uingereza alikuwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunzia baiskeli Kenya na mwaka uliofuata akashinda Tour de France. Fuata duara lao la kilomita 15.5: juu pita kijiji cha Box Hill, Headley, kisha ushuke Lodgebottom Road hadi Mickleham. Rudi kusini kuelekea Dorking kwa njia ya baiskeli iliyo kando ya barabara kuu ya A24. Barabara yenyewe ya A24 usiiguse.

Kutoka Dorking shika Coldharbour Lane, mpando mrefu kuliko mwingine wa siku hiyo. Kaa kwenye gia inayokuruhusu kuongea huku unapanda. Ukishapita kijiji cha Coldharbour, zungukia ubavu wa kusini wa Leith Hill, ushuke Holmbury St Mary, kisha Peaslake, ambako duka la kijiji linajulikana kwa waendesha baiskeli wa porini kwa vijiti vyake vya jibini. Nunua viwili. Kutoka hapo teremka Shere na Gomshall. Gomshall ndipo pa kujihoji kwa ukweli, kwa sababu kuna kituo cha treni. Miguu ikiwa imekwisha, panda treni. Ikiwa bado ipo, pita A25 kwa umbali mfupi hadi Abinger Hammer, kwenye saa yenye sanamu ya mhunzi anayegonga kengele juu ya barabara, na mbele kidogo kunja kushoto uingie White Down Lane.

Kosa la wengi hapo ni kuanza kwa kasi, kwa sababu chini panaonekana laini. Ukishapita reli, barabara inasimama: asilimia 15 na zaidi, mahali pengine inakaribia 20. Weka gia nyepesi kabla ya kufika hapo, kwa maana ukihamisha huku umekanyaga kwa nguvu zote, mnyororo unaruka au unakatika. Kaa kwenye kiti, sogea mbele yake kidogo, inamisha viwiko. Ukisimama juu ya pedali kwenye lami yenye unyevu, tairi la nyuma linateleza, kwa kuwa umeliondolea uzito. Juu kuna Ranmore Common, na kutoka hapo ni kushuka tu hadi Dorking.

Kwa ukali huo wa White Down, duara hili halifanywi kinyume. Ipandwe, isishukwe.

Mteremko na udongo

Ukiujua udongo wa Surrey utajua hatari iliyoko mbele kabla hujaiona. Box Hill, Ranmore na White Down ni vilima vya chokaa, na ndani ya chokaa mna gumegume. Mvua ikinyesha, vipande vyake vinasombwa hadi barabarani, vikali kama wembe, na maji yanavisaidia kupenya raba. Upande wa Leith Hill, Holmbury na Peaslake ni jiwe la mchanga. Huko pancha ni chache, lakini mchanga unajikusanya katikati ya kijia na ndani ya kona. Vijia vingi vya huko vimezama mita kadhaa chini ya kingo, miti imevifunika juu, na hata wakati wa kiangazi vina kuvu na majani yaliyooza. Shika mstari wa tairi la gari, si katikati.

Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, lakini ndani ya kona yenye mchanga ndiyo itakayokuangusha. Kama breki zako zinabana rimu, siku ya mvua ziguse mapema, gurudumu lizunguke mara moja au mbili likauke, ndipo ubane kwa nguvu. Usizishikilie kidogo kidogo mteremko mzima. Bana, achia, bana. Na kila kona isiyoonekana mbele, chukulia kwamba kuna farasi. Surrey farasi ni wengi. Punguza, paza sauti ukiwa bado mbali, mpite kwa kulia ukimwachia nafasi pana. Kengele ya ghafla nyuma ya farasi ni kutafuta teke.

Upepo wa tairi: kwa tairi la milimita 28 na mtu wa kilo 70 na kitu, bar 4.5 mbele na 5 nyuma. Kujaza hadi linakuwa jiwe hakuongezi mwendo kwenye lami ya viraka, kunakupunguzia mshiko tu.

Beba tyubu mbili, si moja. Ukipata pancha ya gumegume, kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha kidole polepole ndani ya tairi ukitafuta kile kipande. Ukikiacha, tyubu ya pili haitamaliza kilomita moja. Tairi likichanika, noti ya pauni 5 iliyokunjwa mara mbili na kuwekwa ndani inaziba vizuri, maana siku hizi ni ya plastiki.

Chakula kisubiri njaa? Hapana. Gramu 40 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya 30. Ndizi kubwa ina kama 25, tende kubwa moja 15 hadi 18, hivyo ndizi moja na tende mbili zinatosha kwa saa. Maji nusu lita kwa saa. Jikoni za baa nyingi vijijini hufungwa mchana mapema, usizitegemee.

Siku za kazi, treni nyingi za London hazipokei baiskeli isiyokunjika wakati wa msongamano wa asubuhi na jioni. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 alasiri, na ndani ya vijia vile giza linatangulia, kwa hiyo taa zote mbili zifungwe hata ukiondoka asubuhi.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuoga, chukua kijiti cha meno na taa. Chokoa vipande vilivyonasa kwenye raba ya tairi na vilivyozama kwenye pedi za breki. Gumegume lililoingia nusu leo ndilo pancha ya safari ijayo, na chembe iliyobaki kwenye pedi itakuchora rimu nzima kwenye mteremko mmoja wa Ranmore.