Mkuu, hiyo tiketi ya Hangzhou usikate

Umesema unaenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya biashara ya Oktoba, ukishamaliza mambo ya mzigo unapanda treni hadi Hangzhou kuona chai ya Longjing inavyokaangwa, ukauliza na hoteli na namna ya kupita na chai uwanja wa ndege. Simama kwanza! Hiyo safari niliifanya hivyohivyo na mpaka leo inaniuma.

Mimi ni mtu wa Mufindi, nimekua naona chai inachumwa mwaka mzima, kiangazi inapungua tu lakini haikomi. Kwa hiyo mkalimani wetu aliponiambia chai ipo, twende siku yoyote, nikaona ni sawa kabisa. Kumbe kule miti inalala baridi yote, inachipua kwenye mwisho wa Machi, na Longjing ya maana ni ile ya kabla ya Qingming, siku yao ya kuzuru makaburi, yaani tarehe 4 au 5 Aprili, ikichelewa sana hadi tarehe 20 hivi. Baada ya hapo wanaipogoa.

Sasa mimi nimefika Oktoba. Nikapelekwa dukani, mzee kakaa mbele ya karai la umeme anabonyeza majani kwa kiganja, watu wanapiga picha, nikalipa yuan 1,800 kwa nusu kilo. Ndo nikasogea karibu na karai. Majani yanalia kachakacha! Jani bichi halilii hivyo, jani bichi linatoa mvuke na harufu unaisikia toka mlangoni, pale hakuna kitu, ni chai ya zamani iliyokwishakauka inapashwa moto kwa ajili ya wageni. Kugeuka namuona mkalimani anapewa bahasha yake. Miaka yote anazungusha wafanyabiashara huko, alijua kabisa, kanyamaza kwa ajili ya kamisheni. Watu wa namna hii wananikera sana, bora angesema tu hakuna chai nikalala zangu Guangzhou.

Kwa hiyo tarehe ya jani kwanza, tiketi baadaye. Jua wanachuma lini ndo upange safari.

Oktoba nenda Anxi, jimbo la Fujian, kwenye Tieguanyin, chai ya kule inayochumwa msimu huo. Ingia kuanzia tarehe 8, maana tarehe 1 hadi 7 ni sikukuu yao na treni zinafurika, halafu urudi maonyesho yanapofunguliwa tarehe 15. Mwaka uliofuata nilifanya hivyo, nikashuka Xiamen, mji wa karibu, nikachukua gari. Usiku wanatikisa majani kwenye tenga la mianzi, wanayapumzisha, wanatikisa tena, kingo zinachubuka, na kadiri usiku unavyokwenda nyumba nzima inanukia maua. Sikulala na sikujutia.

Ukibadilisha uende maonyesho ya Aprili, Hangzhou iwe kabla hayajaanza, na yakiisha tarehe 5 Mei unawahi Wuyishan, milima ya chai hukohuko Fujian, wanachuma mpaka katikati ya Mei.

Mwenyeji yeyote muulize wiki hiyo wanachuma nini. Akikujibu siku yoyote ni sawa, huyo achana naye. Na kama tiketi umeshakata niandikie tarehe hapahapa, tuone utageukia upande gani.