Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kompyuta Yataka Kuifuta Programu Yangu ya Hesabu?

SWALI: Nina duka la vifaa vya uvuvi hapa Langoni, Lamu, na kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi wa Debian 12. Nilipotaka kuhamia Debian 13 kwa amri ya apt full-upgrade (apt ni chombo cha Debian cha kuweka na kuondoa programu), niliambiwa kwamba programu ya hesabu, niliyonunua kwa fundi wa nje ya Debian, itaondolewa. Nilikataa. Maelezo ya programu hiyo yanasema inahitaji python3, yaani lugha ya kuandikia programu, iliyo chini ya toleo la 3.12. Je, apt haiwezi kuiacha ilivyo?

JIBU: Ulifanya vyema kukataa, kwani wengi hubonyeza kukubali bila kusoma orodha ya vitakavyoondolewa, kisha wakalalamika asubuhi.

Kila kifurushi, yaani programu au sehemu yake iliyofungwa tayari kuwekwa, hubeba maelezo ya kile kinachokihitaji na kile kisichopatana nacho, na kazi ya apt ni kutafuta mpangilio unaotimiza masharti yote kwa pamoja. Debian 12 ina python3 ya toleo la 3.11, Debian 13 ina 3.13, na kifurushi hicho cha python3 hakiwezi kuwamo kwa matoleo mawili wakati mmoja. Fundi wako ameweka mpaka wa 3.12, kwa hiyo ama mfumo usipande, ama programu yake itoke. Maktaba nyingi, yaani sehemu ambazo programu mbalimbali huzitumia kwa pamoja, hazina taabu hii, kwa sababu namba ya toleo imo ndani ya jina: libicu72 na libicu76 hukaa pamoja kama majirani wa kiambaza kimoja.

Amri ya apt upgrade haiondoi kifurushi chochote. Kinachogongana hubakizwa katika toleo lake la zamani. Amri uliyotumia wewe, full-upgrade, ina ruhusa ya kuondoa, na ndiyo inayohitajika katika kuhama toleo zima.

Mwombe fundi toleo linalokubali 3.13. Mpaka alilete, baki na Debian 12, ambayo itapata marekebisho ya usalama hadi 2028, na uhakikishe orodha ya maghala ya apt, yaani mahali inapochukua vifurushi, bado inataja jina lake, bookworm, wala si trixie, ambalo ni jina la Debian 13. Siku ya kujaribu tena, hifadhi kwanza daftari lako la hesabu kwenye diski ya nje, kisha uandike apt -s full-upgrade: herufi hiyo s huonyesha yatakayotokea bila kugusa kitu. Atakayekushauri ulazimishe kwa dpkg, chombo kinachofanya kazi chini ya apt, usimsikilize. Programu itabaki kwenye orodha, lakini huenda isifunguke.