Kabla hujamwagiza mhunzi jembe

Wengi wanaomlalamikia mhunzi wa kijijini ndio waliompelekea chuma kibovu. Shamba letu liko Sengerema, na majembe tunayolimia karibu yote yamefuliwa katani hapo hapo.

Ukimpa kipande cha nondo akufulie panga, atakufulia, na hela yako atachukua. Ila makali yatapinda mapema, kwa sababu nondo ina kaboni kidogo. Hata uizimishe vipi, yaani uichovye ikiwa na moto ili ipoe ghafla, haikomai. Tafuta bamba la springi ya lori, lile lililokatika ambalo gereji huliona chakavu. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki acha kabisa: yakipata moto yanatoa moshi mweupe wenye sumu, na anayeuvuta ni yule kijana anayezungusha feni. (Mivukuto ya ngozi siku hizi ni nadra, wengi wamefunga feni kwenye gurudumu la baiskeli.)

Ukifika, mwangaluka (salamu ya Kisukuma) kwanza, bei baadaye. Hawa ni watu wenye heshima yao. Walongo, jamii ya wahunzi wa Uzinza, upande wa Geita, walikuwa wakiyeyusha chuma kutoka kwenye mawe, na zamani hata mahari ililipwa kwa majembe.

Kisha kaa uangalie. Kiwanda kiko kivulini makusudi, maana mhunzi anapima joto kwa rangi ya chuma, na jua kali linamdanganya. Usimwombe atoke nje eti upige picha. Springi izimishwe kwenye oili. Kwenye maji inaweza kupasuka. Ikishazimishwa ni ngumu lakini inakatika kirahisi, kwa hiyo hurudishwa motoni taratibu. Mzee wetu husugua ubavu wa panga kwenye jiwe mpaka ung'ae, halafu anapasha mgongo. Rangi inatambaa kuelekea kwenye makali: manjano, hudhurungi, zambarau. Zambarau ikikaribia buluu, analiondoa. Patasi huiondoa ikiwa bado manjano. Hatua hii ndiyo inayorukwa wateja wakiwa wengi, na mimi naona ndiyo unayoilipia hasa.

Kwa hiyo nenda Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Mvua za vuli zikikaribia, foleni ni ya majembe na plau za ng'ombe, hakuna atakayekusubiri. Na mwambie mapema kama unataka jembe la tundu au la mkia wa kuchomeka kwenye kichwa cha mpini, kwa sababu akishalifua hivi, kulibadilisha ni kazi mpya na malipo mapya.